Sura ya Tano: Kijana Aliyebaki Pwani

Mwezi Aprili 1936 jarida la Esquire la Marekani lilichapa makala ya Ernest Hemingway kuhusu uvuvi wa bahari kuu upande wa Cuba. Ndani yake kuna kisa kifupi sana, hakizidi aya moja. Mzee mmoja aliyekuwa akivua peke yake kutoka Cabañas alinasa nduwaro mkubwa kwa mshipi wa mkono, na samaki yule akaikokota mashua hadi mbali kabisa na nchi kavu. Siku mbili baadaye wavuvi wengine walimkuta maili 60 upande wa mashariki. Ubavuni mwa mashua alikuwa amefunga kichwa cha samaki na sehemu ya mbele ya mwili. Kilichobaki hakikufika nusu, na bado kilikuwa na uzito wa ratili 800, yaani zaidi ya kilo 360. Papa walikuwa wangali wakiizunguka mashua. Mzee alikuwa akilia, akili zikiwa karibu kumruka kwa hasara iliyompata.

Kisa hicho kilimkaa Hemingway moyoni kwa miaka 15. Februari 1939 alimwandikia mhariri wake, Maxwell Perkins, kumweleza kwamba anataka kuiandika hadithi ya mvuvi mzee na samaki wake. Vita vikaja, ndoa zikavunjika, vitabu vingine vikatangulia. Alipoketi hatimaye kuiandika, mwanzoni mwa 1951, nyumbani kwake Finca Vigía nje kidogo ya Havana, ilimtoka kwa wiki chache tu. The Old Man and the Sea kilianza kusomwa Septemba 1952, kikiwa kizima ndani ya toleo moja la jarida la Life, na nakala zaidi ya milioni 5 zikauzwa kwa siku mbili.

Ukikiweka kisa cha 1936 kando ya kitabu utaona kilichoongezwa. Samaki ni yule yule na papa ni wale wale. Lakini Santiago, mzee wa kitabuni, haokotwi na mtu. Anarudi bandarini kwa tanga lake mwenyewe. Halafu kuna Manolin, kijana ambaye hayumo kabisa katika kisa cha kwanza. Kitabu hiki husifiwa kuwa hadithi ya mtu mmoja asiyekata tamaa, nami siikatai sifa hiyo. Ila kila ninapokirudia naona wazi zaidi kwamba asingekuwepo kijana yule, ambaye hata chomboni hakuwemo, Santiago angekutwa akilia kama mzee wa Cabañas.

Hadithi inapoanza Santiago amemaliza siku 84 bila samaki. Siku 40 za mwanzo Manolin alikuwa naye. Ndipo wazazi wa kijana wakaona basi, mzee huyu ana nuksi, wakamhamishia mashua nyingine, na wiki ya kwanza tu mashua hiyo ikapata samaki watatu wa maana. Wasomaji wengi huwachukia wazazi hawa. Mimi nawaelewa. Katika nyumba inayoishi kwa kinachotoka baharini, kijana anayekwenda kazini siku 40 akirudi mikono mitupu ni mzigo, na baba hawezi kuweka mapenzi ya mwanawe kwa mzee fulani mbele ya chakula cha jioni. Manolin anawatii. Lakini kila jioni anashuka pwani kumpokea Santiago, anamsaidia kubeba mishipi, chusa na tanga lililoviringwa mlingotini, kisha wanapanda pamoja hadi kibandani kwa mzee.

Yanayofuata hapo kibandani yanastahili kutazamwa polepole. Kijana anauliza kuna chakula gani. Mzee anasema ipo sufuria ya wali wa manjano na samaki. Kijana anauliza kama amwashie moto. Mzee anasema hapana, atawasha mwenyewe baadaye, au huenda ataula hivyo hivyo ulivyopoa. Kijana anaomba aazime kimia, na mzee anamruhusu akichukue. Wali haupo. Samaki hayupo. Kimia walikwisha kukiuza, na kijana anaikumbuka siku waliyokiuza. Maneno haya wanaambiana kila siku, na wote wawili wanajua kwamba sufuria ni tupu.

Sijui mahali pengine katika vitabu vya Hemingway ambapo upendo umeandikwa kwa umakini kama hapa. Kijana anamsitiri mzee. Hamwambii kwamba anajua ana njaa, wala hamwachi na njaa yake. Anatoka, na akirudi ana maharage meusi na wali, ndizi za kukaanga na mchuzi wa nyama, vilivyotolewa na Martin, mwenye mkahawa. Mzee anasema itabidi amshukuru Martin. Kijana anamwambia nimeshamshukuru, wewe huna haja. Angalia alivyoipanga shughuli yote: msaada umeingia, shukrani zimekwisha kulipwa mlangoni, na mzee anakula akiwa bado ni mwenye nyumba anayekula na mgeni wake. Wakati huo huo, bila kusema, Manolin anajilaumu kwa kukosa kumletea maji, sabuni na taulo, na anapiga hesabu ya shati jingine, koti la msimu wa baridi, viatu na blanketi. Huyu ni mtoto anayefikiria kama mlezi.

Deni lake lina mwanzo. Alianza kwenda baharini na Santiago akiwa na umri wa miaka 5, na safari ile ya kwanza nusura imuue, kwa sababu mzee alimpandisha samaki angali na nguvu, naye akaanza kuipasua mashua. Manolin anakumbuka mkia ukipiga, ubao ukivunjika, sauti ya rungu, na mzee akimrusha omoni palipokuwa na mishipi mibichi. Mzee anamuuliza kama kweli anayakumbuka au alisimuliwa. Kijana anajibu anakumbuka kila kitu tangu siku waliyoanza kwenda pamoja. Kwake maisha yanaanzia hapo.

Basi alfajiri ya siku ya 85 mzee anakwenda kumwamsha kijana kwao kwa kumshika mguu taratibu, wanakunywa kahawa katika makopo ya maziwa, kijana anampa dagaa na chambo alichonunua kwa fedha yake, na wanaagana. Kuanzia hapo Santiago yuko peke yake, na hapa ndipo wanaoandika kuhusu uvumilivu huanza kuandika.

Huandika juu ya moyo. Ninachokiona mimi katika kurasa hizi ni kazi. Santiago anashusha chambo chake cha kwanza pima 40, cha pili pima 75, vingine viwili pima 100 na 125, na anailinda mishipi isimame wima kuliko mvuvi yeyote, ili katika kila kina cha giza kiwepo chambo pale pale anapotaka kiwepo. Wengine huiacha ielee na mkondo. Yeye amekosa samaki siku 84 na bado hajalegeza hata mshipi mmoja. Nduwaro anapokula chambo cha pima 100, saa sita mchana, mzee hamvuti kwa pupa. Anamlegezea, anamngoja ameze, ndipo anamkaza kwa nguvu zake zote. Samaki hapandi. Anaanza kuogelea kuelekea kaskazini-magharibi, na mashua inamfuata.

Kabla ya mapambazuko anakata mishipi mingine yote ili aiunge akiba zake kwenye mshipi mmoja. Anapoteza hivyo pima 200 za kamba nzuri, pamoja na ndoana zake. Kwa maskini, uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana: vyombo vya kazi vinakwenda ili samaki mmoja asiende. Asubuhi mkono wake wa kushoto unakufa ganzi na kujikunja kama ukucha. Anaukemea kwanza, kisha anaulisha. Anakata jodari aliyemvua jana yake, anamla mbichi, bila chumvi wala ndimu, vipande vyembamba, akiutazama mkono aone kama umepata nguvu. Usiku wa pili anakula fulusi na samaki panzi kwa utaratibu ule ule, ingawa fulusi mbichi humtia kichefuchefu. Anajilazimisha kulala akiwa amelalia mshipi kwa uzito wa mwili wake. Hakuna ushujaa wa kupiga kifua hapa. Kuna mtu anayeuhesabu mwili wake kama nahodha anavyohesabu maji ya kunywa yaliyobaki.

Na katikati ya kazi hiyo yote anamtaja kijana. Anamtamani tena na tena, kwa sauti, na kila mara ana sababu yake. Angekuwepo angenisugua mkono huu. Angekuwepo angelowesha mizingo ya kamba isiunguze. Angekuwepo angeyaona haya. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa kuliko zote. Santiago alikwisha kumwambia kijana kwamba yeye ni mzee wa namna ya peke yake, na sasa anasema ni wakati wa kulithibitisha neno hilo. Kulithibitisha kwa nani? Samaki hamjui, bahari haihesabu. Ana shahidi mmoja tu duniani ambaye maoni yake yana uzito kwake, naye yuko maili nyingi nyuma katika mashua ya mtu mwingine.

Nduwaro anauawa siku ya tatu, mchana, kwa chusa. Ameizidi mashua urefu kwa futi mbili. Mzee anakadiria uzito wake: ratili 1,500, labda zaidi. Akitolewa matumbo na kichwa zibaki theluthi mbili, kwa senti 30 kila ratili, inakuwa dola 300. Hesabu inamshinda kichwani, anasema angehitaji penseli. Saa moja baadaye anakuja papa wa kwanza.

Kupoteza katika kitabu hiki kunakwenda hatua kwa hatua. Papa wa kwanza anakula ratili 40 hivi na kuondoka na chusa na kamba yake. Mzee anafunga kisu kwenye kasia. Wanakuja wawili, anawaua. Anakuja mwingine, kisu kinavunjika. Linabaki rungu. Usiku wa manane wanakuja wengi, rungu linanyakuliwa gizani, anachomoa kana ya usukani na kupiga nayo mpaka inakatika. Baada ya hapo hakuna cha kulinda. Hemingway haharakishi hata mara moja, na kila silaha inapokwenda mzee anaanza upya na kilichopo mkononi. Anamwomba samaki radhi. Anajilaumu kwamba alikwenda mbali mno. Hajawalaumu papa.

Hasara hii si ya kwanza kwake. Katika kile kibanda, ukutani, kulikuwa na picha ya mke wake marehemu. Aliishusha kwa sababu kuitazama kulimzidishia upweke, akaiweka kwenye rafu pembeni, chini ya shati lake safi. Mke hatajwi jina, wala hatupewi habari nyingine kumhusu. Picha iko pale, chini ya nguo, karibu vya kutosha.

Mwandishi naye alikuwa anazika watu wake. Perkins, aliyeahidiwa hadithi hii mwaka 1939, alifariki Juni 1947 bila kuisoma. Mama yake Hemingway alifariki Juni 1951, na Pauline, mama wa wanawe wawili, alifariki Oktoba ya mwaka huo huo. Charles Scribner, mchapishaji na rafiki yake, alifariki Februari 1952, miezi michache tu kabla kitabu hakijatoka. Ukurasa wa tabaruku una majina mawili, la Scribner na la Perkins. Kitabu kuhusu mzee anayemtamani rafiki asiyekuwepo kimekabidhiwa kwa marafiki wawili ambao hawapo. Riwaya yake iliyotangulia, ya 1950, ilikuwa imeraruliwa na wahakiki, na wapo walioandika kana kwamba amekwisha. Hayo husimuliwa sana kama ndiyo nuksi yake ya siku 84. Kwangu ukurasa ule wa tabaruku unasema mengi zaidi.

Mahali ambapo Hemingway ananichosha ni anapotaka tumwone Yesu ndani ya Santiago: viganja vilivyochanika, mlingoti begani akipanda kilima, kulala kifudifudi mikono imenyooshwa. Mvuvi mwenye viganja vilivyokatwa na mshipi hahitaji kusaidiwa na msalaba. Damu yake inatosha.

Imani ya Santiago mwenyewe ni ya kawaida zaidi, na ndiyo inayonishawishi. Anaahidi kwamba akimpata samaki atakwenda kuhiji kwa Bikira wa Cobre, mlinzi wa Cuba, ambaye picha yake ni kumbukumbu nyingine ya mke wake. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa njia ambayo haimo kitabuni. Januari 1954, mwaka mmoja na ushei baada ya kitabu kutoka, Hemingway alikuwa Uganda. Ndege ndogo aliyopanda na mke wake Mary ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, na ile iliyokuja kuwachukua ikashika moto ikijaribu kuruka Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo chake, naye akayasoma. Akiwa na majeraha ya ndani na ya kichwa alisafiri hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, alikokuwa amepanga kuvua, na huko moto wa kichakani ukamuunguza tena. Oktoba mwaka huo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na kitabu cha Santiago kikatajwa katika sababu za kumpa. Hakuweza kwenda Stockholm. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden. Nishani yenyewe aliitoa kwa watu wa Cuba, ikawekwa katika kanisa la Bikira yule yule, huko El Cobre.

Hemingway alijiua Julai 1961 nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Wapo wanaokitumia kifo hicho kukikanusha kitabu, kana kwamba aliyeandika juu ya kuvumilia alipaswa kuvumilia milele. Alikuwa mgonjwa, mbali na Cuba, mbali na bahari yake. Wavuvi wa Cojímar, kijiji ambacho wengi hukitambua katika hadithi hii, hawakubishana na mtu. Walichangisha vipande vya shaba kutoka katika vyombo vyao, rafadha na vinginevyo, vikayeyushwa, ikasubiwa sanamu ya kichwa chake, na ikasimamishwa pale ufukweni mwaka 1962.

Turudi bandarini. Santiago anaingia usiku, taa za mkahawa zimezimwa, hakuna wa kumsaidia. Asubuhi wavuvi wanakusanyika kuupima uti wa mgongo wa samaki: futi 18, mita tano na nusu. Manolin hajaenda baharini siku hiyo kwa sababu ya upepo. Anafika kibandani, anaona mzee anapumua, anaiona mikono yake, anaanza kulia. Analia njiani kote akienda kuagiza kahawa, wala hajali nani anamwona. Katika kisa cha 1936 mzee ndiye aliyekuwa analia. Miaka 15 baadaye Hemingway ameyahamisha machozi yale kwa mtu mwingine, na kwa kuwa kuna mtu wa kumlilia, Santiago anaweza kulala.

Kahawa ni ya moto, yenye maziwa na sukari nyingi. Mzee akiinywa anagundua jinsi ilivyo vizuri kuzungumza na mtu badala ya kujisemesha mwenyewe na kuisemesha bahari. Anauliza kama walimtafuta. Walimtafuta, kwa walinzi wa pwani na kwa ndege. Kichwa cha samaki Pedrico akikate kwa madema yake. Ule upanga wa pua autwae Manolin. Kisha mazungumzo yanageukia kazi. Wanahitaji mkuki wa kuulia samaki, na bapa lake linaweza kutengenezwa kwa springi ya gari kuukuu la Ford, likanolewe mjini Guanabacoa. Kisu kinunuliwe. Mikono ya mzee ipone, na upepo huu utavuma siku tatu, kwa hiyo muda upo.

Kijana anasema kuanzia sasa watavua pamoja. Mzee anakataa, bahati imemwacha. Kijana anasema bahati ataileta yeye. Mzee anauliza, na kwenu watasemaje? Kijana hajali watakalosema. Wasomaji husoma haraka hapa kwa sababu wanajua simba wanakuja, wale wa pwani ya Afrika ambao mzee huwaota tangu alipokuwa baharia mdogo. Lakini kuna swali dogo ambalo Santiago anauliza kabla ya hapo: ninyi mmepata nini? Mmoja siku ya kwanza, kijana anajibu, mmoja siku ya pili, na wawili siku ya tatu. Samaki wanne kwa siku tatu. Hiyo ndiyo mashua ambayo Manolin anaiacha.